Vidonge Sita Vilivyobaki

Kila chumba cha hosteli kina kopo lake. La kwetu lilikuwa la Blue Band, maandishi yameshakwanguka upande mmoja, linakaa juu ya kabati karibu na pasi. Ndani kulikuwa na sindano na uzi, vibanio vya nywele, Panadol tatu au nne, pakiti moja ya ORS ambayo hakuna aliyekumbuka ililetwa na nani, na bahasha ndogo ya karatasi iliyoandikwa kwa kalamu ya bluu: 1x3. Kwenye bahasha hiyo kulikuwa na vidonge 6 vya rangi mbili, nyekundu na njano. Amoksilini.

Vilikuwa vyangu. Na habari hii ni yangu pia, ingawa aliyelazwa ni mwenzangu. Nilimwomba ruhusa kabla sijaandika. Akasema, "Andika shosti, ila jina langu liache." Basi humu nitamwita rumeti.

Kwanza niseme vidonge vilifikaje kwenye kopo. Mwaka wa pili, mwezi wa nne, jino la nyuma lilinivimbisha shavu mpaka watu wakawa wananipisha kwenye foleni ya kafeteria. Daktari wa meno akaniandikia amoksilini ya miligramu 500, kimoja mara tatu kwa siku tano, pamoja na Flagyl. Akaniambia nikimaliza nirudi, kwa sababu dawa itatuliza uvimbe tu, jino lenyewe lazima lizibwe au ling'olewe. Jumla vidonge 15. Kufika siku ya nne jioni shavu limerudi mahali pake, natafuna karanga upande wa pili, nimeshasahau kama kuna jino. Kwa hesabu nilitakiwa niwe nimemeza 12. Nilikuwa nimemeza 9. Boom lilikuwa halijatoka, tunapiga pasi ndefu, na mimi niliamini dawa hizi hazimezwi bila kula kwanza, kwa hiyo siku isiyo na chakula cha mchana ilikuwa pia siku isiyo na kidonge cha mchana. Sita vilivyobaki nikavihifadhi. Neno lililokuwa kichwani mwangu ndilo hilo, kuhifadhi, kama mtu anavyoweka akiba ya mchele. Kwa daktari sikurudi.

Kumbe amoksilini inamezwa hata tumbo likiwa tupu. Chakula kinaweza kusaidia kama inakukoroga tumbo, ila si sharti. Hilo nililijua baadaye sana, na lilinikera, maana hakuna aliyenikataza kuuliza.

Na hiyo 1x3 nayo. Mimi niliisoma kama ratiba ya msosi: asubuhi na chai saa 1, mchana saa 7, usiku saa 1. Piga hesabu uone. Kutoka asubuhi hadi mchana saa sita, mchana hadi usiku saa sita, halafu usiku hadi asubuhi saa kumi na mbili nzima bila kitu. Dawa yenyewe haikai sana mwilini. Kwa mtu ambaye figo zake ni nzima, nusu ya amoksilini iliyomo kwenye damu huondoka ndani ya saa moja hivi, nyingi ikitoka na mkojo. Ndiyo maana wanaposema mara tatu wanamaanisha kila baada ya saa nane: saa 12 alfajiri, saa 8 mchana, saa 4 usiku. Ukiachia usiku mzima, bakteria wanapata muda wa kupumua na kujenga.

Tuje kwenye usiku wenyewe.

Wiki ya pili ya UE, mwezi wa saba. Rumeti alikuwa na mafua siku ya pili, koo linamkwaruza, sauti imekauka, na kesho yake saa 2 asubuhi ana pepa ya Takwimu. Pepa ambayo kila mtu darasani kwao alikuwa anaiogopa. Zahanati ya chuo ilikuwa wazi, lakini kipindi cha UE pale foleni ni ndefu kuliko ya kusaini boom. "Nikienda huko narudi saa ngapi?" akasema. "Na bado sijagusa past paper hata moja." Nikapanda kwenye kiti, nikashusha kopo.

"Hizi hapa. Meza viwili kwanza vikate koo, kesho utaendelea na kimoja kimoja."

Hayo ndiyo maneno yangu. Mimi, mwanafunzi wa ualimu wa Biolojia na Kemia. Nilimpa na kikombe cha maji, kwa upendo kabisa, na nikarudi kwenye msuli wangu nikijisikia rafiki mwema. Sikumwuliza swali hata moja.

Haikufika nusu saa. Alianza kujikuna viganja. Nikadhani mbu. Halafu masikio, halafu shingo, halafu akavua fulana na mgongo ulikuwa umejaa mabaka yaliyoinuka, kama mtu aliyemwagiwa upupu. Akaniangalia, na mdomo wa juu ulikuwa unavimba huku namwona. "Kifua kinabana," akasema, na sauti haikuwa yake. Ilikuwa inatoka kwenye tundu dogo.

Sikumbuki nani aliita bajaji. Nakumbuka ndani ya bajaji nilikuwa nimemkumbatia kwa nyuma na nasikia pumzi yake inapiga filimbi. Kutoka hosteli hadi zahanati ni mwendo wa dakika nne. Nimeupita huo mwendo mara nyingi tangu hapo na bado naona ni mrefu.

Nesi wa zamu alikuwa mama wa makamo. Alimwangalia mara moja tu, akamwita daktari kwa sauti ambayo iliwafanya wagonjwa wote kwenye benchi wasimame. Kisha akanigeukia. "Binti, amekula nini? Amemeza nini?"

"Amoksilini."

"Kaandikiwa na nani?"

Nikanyamaza. Halafu nikasema, "Nimempa mimi."

Hakunigombeza. Natamani angenigombeza. Alikuwa tayari anavuta dawa kwenye bomba, sindano ya adrenalini, wakamchoma pajani, wakamvalisha oksijeni, wakamwekea dripu. Baada ya dakika chache ile filimbi ikaanza kupungua. Daktari akasema hatoki mpaka asubuhi, kwa sababu mzio wa aina hii unaweza kutulia ukarudi tena baada ya saa kadhaa hata mtu asipomeza kitu kingine. Saa 2 asubuhi pepa ya Takwimu ilianza na yeye yuko kwenye kitanda cha zahanati, mdomo bado mnene, analia bila sauti.

Katikati ya usiku huo nesi aliniambia nipige simu kwao. Nikaweka sauti ya nje.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kuna nini saa hizi?"

Nesi akachukua simu, akamtuliza, akaeleza, kisha akauliza swali moja: je, mtoto huyu aliwahi kupata shida na dawa yoyote alipokuwa mdogo? Mama akajibu palepale, bila hata kufikiri. Alipokuwa darasa la pili alichomwa PPF, akavimba mwili mzima, na wakaambiwa asichomwe tena PPF maisha yake yote. Halafu akaniomba nirudishiwe simu. "Mungu akubariki mwanangu kwa kumwahisha mwenzio hospitali."

Nikasema, "Amina, mama."

Hiyo Amina imenikaa kooni miezi mitatu.

Rumeti alipoweza kuongea, nilimuuliza kama alikuwa anajua. Alijua. Tangu mtoto alikuwa anajua. "Mimi sichomwi PPF," ndivyo alivyofundishwa kusema, na amekuwa akisema kila hospitali aliyokwenda. "Lakini hiyo ni sindano. Hizi ni vidonge. Na wewe ulisema amoksilini, hukusema PPF."

Mahali hapa ndipo ninapoomba msomaji wangu uende polepole kidogo. PPF ni pensileni. Amoksilini nayo ni pensileni. Ni ukoo mmoja. Wa kwanza kutambuliwa ni ule Alexander Fleming aliouona London mwaka 1928, ukungu ulioota kwenye sahani ya maabara na kuua bakteria waliokuwa jirani yake. Amoksilini ilikuja baadaye sana, ikaingia sokoni mwaka 1972, imerekebishwa ili ifyonzwe vizuri tumboni na ifike kwa bakteria wengi zaidi. Lakini umbo la msingi ni lilelile, na mwili uliokataa mmoja una haki ya kumkataa ndugu yake. Ukoo huu mara nyingi unautambua kwa mkia wa jina: ukiona kwenye pakiti jina linaishia na -cillin, huyo ni ndugu. Ampicillin, cloxacillin, na wengine. Ila usitegemee mkia peke yake, maana majina ya kampuni yanauficha. Augmentin haina mkia wowote kwenye jina lake, na ndani yake kuna amoksilini ileile pamoja na asidi ya klavulaniki.

Kwa hiyo onyo aliloachiwa mtoto wa darasa la pili lilikuwa sahihi ila fupi. Walimwambia asichomwe PPF. Hawakumwambia kwamba ana mzio wa pensileni, kwa jina lolote na kwa umbo lolote, sindano, kidonge au sirapu. Nami si mtu wa kuwalaumu, kwa sababu kosa lao lilidumu miaka kumi na tatu bila kumdhuru mtu mpaka nilipokuja mimi na kopo.

Daktari alitueleza pia upande wa pili, na naona ni haki niuandike. Watu wengi wanaojiita wana mzio wa pensileni, wakipimwa vizuri inaonekana hawana. Wengine walipata vipele utotoni vilivyotokana na ugonjwa wenyewe, wengine waliharisha tu, na kuharisha au kichefuchefu ni maudhi ya kawaida ya dawa hizi, si mzio. Lakini kupimwa huko kunafanywa na wataalamu, mahali penye adrenalini mkononi. Siyo kwa kujaribu kidonge kimoja chumbani uone itakuwaje. Na kwa rumeti hapakuwa na cha kubahatisha tena. Tuliuona kwa macho.

Wiki sita baadaye nilikuwa BTP, shule moja ya kata, nimesimama mbele ya darasa la wanafunzi 70 na kitu na chaki mkononi. Mada: bakteria. Nilichora bakteria kama nyumba ya tofali. Nikawaambia bakteria anazungukwa na ukuta, na ukuta huo unajengwa na kukarabatiwa kila wakati, hasa anapotaka kujigawa. Pensileni na ndugu zake wanachofanya ni kumshika mkono fundi. Ukuta unabaki na nyufa, maji yanaingia, nyumba inapasuka. Seli zetu hazina ukuta huo, ndiyo maana dawa haitupasui sisi.

Kijana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono. "Madam, na virusi wana ukuta?"

"Hawana."

"Kwa hiyo mafua?"

"Mafua ni virusi. Amoksilini haina cha kuvunja pale."

"Sasa mbona nyumbani tukipata mafua tunapewa rangi mbili?"

Darasa likacheka. Nami nikacheka, na nikageuka kufuta ubao ili wasinione uso. Mafua. Koo linalokwaruza, pua inatiririka, kikohozi. Rumeti hakuhitaji kidonge kile hata kama mwili wake ungekipenda. Dalili zile, na hasa zikiambatana na mafua ya pua, mara nyingi ni virusi, na zinapita zenyewe. Lipo koo la bakteria, na hilo linatibiwa kwa pensileni kweli, kwa siku kumi kwa kawaida, lakini wa kutofautisha ni mtu anayefungua mdomo akaangalia, akapapasa shingo, akauliza maswali. Mimi niliangalia kopo tu.

Nikiwa kule BTP ndipo nilikutana na jambo lililonifanya niandike makala hii. Fleming alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1945, pamoja na Florey na Chain walioigeuza pensileni kuwa dawa ya kutibia watu. Kwenye hotuba yake ya mwezi Desemba mwaka huo, badala ya kujisifu, alitoa onyo. Alihofia siku ambayo pensileni itakuwa inanunuliwa na mtu yeyote dukani. Akatunga kisa cha bwana mmoja anayeumwa koo, akanunua dawa, akameza kidogo: haitoshi kuwaua vijidudu, inatosha kuwafundisha kuizoea. Kisha akamwambukiza mkewe, mke akapata nimonia, akatibiwa kwa pensileni, dawa ikagoma, mke akafa. Neno alilotumia Fleming kwa Kiingereza ni lile la kuelimisha. Mtu wa dozi pungufu anawaelimisha bakteria.

Nilisoma hilo mimi, mtu wa Shahada ya Elimu, usiku, kwenye simu, kwenye nyumba ya kupanga isiyo na umeme. Mwaka 1945! Bwana wa kisa anaumwa koo, kama rumeti, na dawa yake haitoshi, kama vidonge sita.

Ingawa, kama mwalimu wa Biolojia, nina neno dogo na mzee Fleming. Bakteria hawasomi. Hakuna hata mmoja anayeingia darasani mjinga akatoka na maarifa. Kinachotokea ni kwamba kati ya mamilioni wapo wachache ambao tayari, kwa bahati ya jeni zao, wanaweza kuvumilia. Dawa inawadisko wengine wote, na wale wachache wanabaki na ukumbi mzima, viti vyote, chakula chote, wanazaana. Wengine wana kimeng'enya kinachoivunja pensileni kabla haijamfikia fundi, na jeni ya kimeng'enya hicho wanaweza kupeana wenyewe kwa wenyewe, hata na bakteria wa aina nyingine, kama sisi tunavyorushiana desa kwa WhatsApp. Ile asidi ya klavulaniki kwenye Augmentin kazi yake ni kukizuia kimeng'enya hicho. Wataalamu hapa Tanzania wanaita jambo zima usugu wa vimelea dhidi ya dawa.

Nani hapa chuoni hajasikia "nina UTI sugu"? Nadhani baada ya "sina hela" ndiyo sentensi inayosemwa zaidi kwenye hosteli za wasichana. Na tiba ya kwanza, kabla ya kupima, ni rangi mbili. Mdudu mkuu wa UTI ni E. koli, na tafiti zilizofanywa kwenye hospitali zetu zimekuta mara kwa mara kwamba sehemu kubwa ya E. koli hao hawajali tena ampisilini na amoksilini. Unameza, maumivu yanapungua kidogo, yanarudi, unameza tena, unasema ni sugu. Mkojo ukipimwa, na ukioteshwa maabara inapobidi, daktari anakuchagulia dawa inayofanya kazi. Inawezekana pia huna UTI kabisa, una kitu kingine kinachowasha vivyo hivyo.

Tena kuna wale kaka zetu wanaosimamisha dozi Ijumaa ili wanywe bia, waendelee Jumatatu. Nilimuuliza nesi yule yule, maana tumekuwa marafiki. Akasema amoksilini haina ugomvi maalumu na pombe, ingawa mgonjwa si mtu wa kulewa. Yenye ugomvi ni Flagyl, na hizi mbili mara nyingi zinatolewa pamoja, hasa kwa meno. Kwa hiyo ukipewa zote, bia subiri mpaka umalize na zipite siku mbili tatu. Kuruka dozi siku tatu ndiyo ujinga zaidi, akasema, na neno alilotumia si ujinga, lilikuwa kali zaidi.

Nilirudi chuoni mwezi wa kumi nikiwa na hasira za kutafuta mtu wa kulaumu. Nikaenda kwenye duka moja la dawa nje ya geti, nikasema, "Naomba amoksilini za buku." Muuzaji akachukua mkasi, akanikatia. Nikampa noti ya elfu mbili. Akaniuliza swali moja tu: "Huna buku kamili?" Sheria inasema dawa hizi zinauzwa kwa cheti cha daktari. Hakuniomba cheti, hakuniuliza naumwa nini, hakuniuliza ni za nani, hakuniuliza kama mwili wangu unazikubali.

Nilisimama pale nje na vidonge mkononi nikitaka kukasirika, hasira haikuja. Maana huyu alifanya kwa buku kile nilichofanya mimi bure. Angalau yeye ana kodi ya fremu. Na nikakumbuka nyumbani, baba yangu akijikata jembe anafungua kidonge cha rangi mbili na kumwaga unga wote juu ya kidonda, na sisi watoto tunaangalia kama muujiza. Mimi nimekua nikiona dawa hii inatumika kama chumvi. Hakuna anayekuuliza maswali unapoomba chumvi.

Ila siku hiyo hiyo niliingia duka la pili, upande wa stendi ya bajaji. Dada aliyekuwepo akaniuliza: "Zako au za mtu mwingine? Umeandikiwa? Una aleji na pensileni, PPF, ampisilini, chochote?" Sekunde kama kumi. Nilivyosema sina cheti akaniambia niende zahanati nirudi nacho. Nusura nimkumbatie.

Kuhusu siku za dozi, sitaki kumdanganya mtu. Zamani tuliambiwa meza mpaka mwisho la sivyo usugu. Siku hizi kuna magonjwa ambayo wataalamu wenyewe wamepunguza siku, kwa sababu wameona chache zinatosha. Lakini idadi anaipanga aliyekupima, na ukijisikia vizuri mapema ukaona ziache, mwulize yeye. Usijiamulie siku ya nne kwa kipimo cha karanga. Vilivyobaki kwenye kopo langu vilikuwa vinne baada ya usiku ule. Sikuvitupa chooni wala kwenye ndoo ya taka. Nilivipeleka zahanati pamoja na vile vya buku, nesi akavipokea bila neno, akaviweka kwenye boksi la dawa za kuteketezwa.

Rumeti alifanya special mwezi wa tisa, akapata B. Kwenye kifuko cha kadi yake ya bima ameweka kikaratasi alichoandika kwa herufi kubwa, MZIO WA PENSILENI, na chini yake kwa herufi ndogo majina kama nane, PPF ikiwa ya kwanza. Amekipiga lamination kule kwa watu wa steshenari. Kwa mama yake hakuwahi kusema kidonge kilitoka wapi. Alisema tu "nilipewa dawa". Mimi ndiye niliyebaki na Amina yangu.

Wiki iliyopita nikampigia mama mwenyewe. Nikamsalimia, akaitikia, akaniuliza masomo. Nikamwambia mama, dawa ile ilikuwa yangu, ilibaki, nikampa bila kumuuliza. Akakaa kimya. Nikasikia kuku nyuma yake, na mtu anapita anasalimia, na yeye haitikii. Nilikuwa tayari kwa lolote.

"Sasa wewe mwanangu," akasema mwishowe, "hizo dawa ulipewa ulikuwa unaumwa nini?"

"Jino, mama."

"Likapona?"

Nikapitisha ulimi pale nyuma. Kesho yake asubuhi nilikuwa nimepanga kwenda kwa daktari wa meno, safari hii kwa kung'oa kabisa.

"Bado, mama," nikamwambia.